TAHARIRI: Asiyejua Kuogelea Ana Haki ya Kuambiwa Ukweli wa Maji

Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, meli za watalii hupita pwani yetu. Hufunga gati Kilindini, Dar es Salaam na Malindi ya Unguja, na meli moja kubwa huweza kuteremsha watu zaidi ya 2,000 asubuhi moja. Watu hao wana saa chache tu kabla ya meli kung'oa nanga. Katika saa hizo huuziwa matembezi: mashamba ya viungo, Mji Mkongwe, Ngome ya Yesu, kobe wa Changuu, fungu la Nakupenda, pomboo wa Kizimkazi, matumbawe ya Kisite. Miongoni mwao wamo watu wazima wengi wasiojua kuogelea. Biashara hii ina deni kwao ambalo bado haijalilipa, na leo tunalidai.

Msimamo wetu ni huu. Yeyote anayeuza matembezi yenye maji ndani yake ana wajibu wa kumuuliza mteja kama anajua kuogelea kabla ya kupokea pesa yake, na kumwambia kwa ukweli maji yatamfika wapi. Wajibu huo unamhusu mwenye meli anayeuza tiketi kaunta, wakala aliyeko mjini, mwongoza watalii, nahodha wa boti na hata papasi anayemshika mgeni mkono pale Forodhani. Hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kudhani kwamba mwenzake ameshauliza.

Asiyejua kuogelea si mtu wa kustaajabiwa. Ndani ya meli ya kitalii mtu anaweza kula, kulala, kusali na kucheza na wajukuu wiki nzima asiguse maji ya bahari. Ndiyo maana safari hizi huwavutia wazee na watu waliokulia mbali na maji. Wala tusidhani tunawasemea wageni wa Ulaya na Marekani peke yao. Familia zinazoshuka Mombasa kutoka Nakuru wakati wa likizo, na wafanyakazi wanaopelekwa Unguja kutoka Dodoma kwa semina, hupanda boti zilezile na kuambiwa maneno yaleyale. Jamaa zetu walioko Ghuba hupanda meli Dubai na kufika Khasab, Oman, ambako jahazi huwapitisha kati ya milima ya Musandam, kisha husimama ili wanaotaka waruke majini. Asiyeogelea anaweza kubaki sitahani na kahawa na tende zake, akaiona milima ileile. Lakini lazima ajue mapema kwamba kubaki kunaruhusiwa, na kwamba hakuna atakayemsukuma wala kumcheka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kati ya kila 100, 92 walikufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji. Wengi wa hao waliokufa walikuwa wavuvi, watoto na wanavijiji walio karibu na mito na maziwa. Watalii ni sehemu ndogo. Lakini mtalii ana jambo moja linalomtofautisha: yuko majini kwa sababu kuna mtu aliyemuuzia maji hayo. Mtoto aliyetumbukia kisimani hakuuziwa kisima. Pale penye muuzaji na risiti, kifo cha maji huacha swali ambalo ni lazima mtu alijibu.

Tuanze na maji yenyewe, kwa sababu hapo ndipo uongo mwingi unapoanzia. Chukua fungu la Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe. Hakuna gati pale. Boti husogea mpaka kwenye mchanga, ngazi fupi huteremshwa, na mgeni hukanyaga maji. Maji yakiwa yametoka humfika kifundoni, au gotini. Ataambiwa kuwa hapa hakuna haja ya kujua kuogelea, na kwa dakika ile maneno hayo ni kweli. Ila fungu huonekana maji yanapokupwa, na yakijaa humezwa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa kwenye Mkondo wa Zanzibar hukaribia mita 4. Maji hupanda kwa muda wa saa 6 hivi, na hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza hupanda polepole. Saa ya tatu na ya nne hupanda kwa kasi kubwa kuliko zote, kila saa robo ya kimo chote. Robo ya mita 4 ni mita 1. Maana yake, mahali ambapo maji yalimfika mama mtu mzima gotini alipokwenda kupiga picha, saa moja baadaye yanaweza kumfika shingoni, na aliye mfupi yakamfunika mdomo. Boti bado iko hatua 30 mbele yake.

Kila nahodha wa Shangani anajua hesabu hii bila kuhitaji kalamu. Anajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Mgeni hajui. Ujuzi huo ndio unaomfanya nahodha kuwa nahodha, na ndio unaompa mgeni haki ya kumtegemea. Nahodha anayejua kwamba maji yataanza kupanda saa nne, akakubali kumpeleka mtu asiyeogelea saa tano kwa sababu nafasi bado zipo, amevunja wajibu wake hata kama siku ile wote watarudi salama. Usalama uliopatikana kwa bahati hauhesabiki kuwa kazi nzuri.

Maneno "hakuna haja ya kujua kuogelea" yanatumika ovyo katika bandari nyingi duniani, na yanastahili kubanwa. Katika kisiwa cha Grand Cayman, huko Karibi, abiria wa meli hupelekwa kwenye fungu la mchanga linaloitwa Stingray City kuona samaki waitwao taa wakiwa wamesimama majini. Watu wasiojua kuogelea huambiwa ni mahali pao, kwa kuwa mtu husimama. Husimama, ndiyo, lakini maji yanayomfika kiunoni mwanamume mrefu humfika kifuani bibi mfupi, na wimbi dogo likipita humnyanyua miguu. Kimo cha maji hakina maana kikitajwa peke yake. Swali la haki ni hili: yatamfika wapi mtu huyu, mwenye kimo hiki, saa hii, na akiteleza nani yuko karibu naye kiasi cha kumshika mkono?

Mauzo ya namna hii hujificha pia nyuma ya jaketi la kuokoa maisha. Mgeni husema haogelei, naye hujibiwa, "Usijali mama, jaketi lipo." Lipo, lakini jaketi gani? Viwango vya kimataifa vinayagawa majaketi haya kwa nguvu ya kuelea, inayopimwa kwa niutoni. La niutoni 50 ni msaada wa kuelea kwa mtu anayeogelea na aliye karibu na waokoaji. Halikuundwa kumgeuza mtu aliyezimia ili uso wake utazame juu. La niutoni 100 ni la maji yaliyotulia, na la 150 ni la bahari wazi. Vile vizibao vyepesi vya kupuliza kwa mdomo, anavyopewa mtu anayetazama samaki kwa barakoa na mrija, haviingii kabisa katika hesabu ya majaketi ya kuokoa maisha. Kumvalisha asiyeogelea kizibao cha namna hiyo na kumwambia yuko salama ni udanganyifu, hata ukisemwa kwa tabasamu.

Na jaketi lenye nguvu ya kutosha bado linaweza kuua likivaliwa vibaya. Kulikagua hakuchukui hata dakika moja. Mgeni anasimama wima, vifungo vyote vinafungwa, mikanda ya ubavuni inavutwa mpaka ikaze, na kama kuna mkanda wa kupita kati ya miguu unafungwa pia. Kisha baharia anashika mabega ya jaketi kwa mikono miwili na kulivuta juu. Likipanda hadi kidevuni au masikioni, ni kubwa mno: majini litapanda peke yake, na mvaaji atateleza kutokea chini. Likibaki kifuani, limemkaa. Kazi hii ifanywe ufukweni, boti ikiwa bado imefungwa kamba, kwa kila mtu, akiwemo yule anayesema anaona joto. Kurundika majaketi chini ya benchi na kuwaambia watu wachukue wakitaka si utekelezaji wa wajibu.

Kuna jambo jingine ambalo kila anayewapeleka watu majini analazimika kulijua: mtu anayezama hapigi kelele. Watu wengi hungoja kuona mikono ikipungwa na kusikia sauti ya "nisaidieni". Mara nyingi hayo hayatokei. Mdomo huzama na kuibuka, pumzi haitoshi kwa neno, mikono huyakandamiza maji ubavuni, na kwa muda usiofika dakika moja mtu ametoweka chini ya uso wa maji. Aliye umbali wa mita 10 anaweza kudhani anacheza. Kwa hiyo mwongozaji aliyewapeleka wageni 12 kwenye matumbawe, naye mwenyewe ameinamisha uso majini kuwaonyesha samaki, hamlindi mtu yeyote. Lazima awepo mtu wa pili ndani ya boti, kichwa juu, ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa na hana kazi nyingine.

Huko Kizimkazi hali ni mbaya zaidi kwa asiyeogelea. Boti huwafuata pomboo, na wanapokaribia, wageni huambiwa waruke, haraka, kabla pomboo hawajaondoka. Hapo ni bahari wazi, si ufukweni. Kina hakipimwi kwa mguu, mawimbi hutikisa, na boti nyingine nazo zinakimbilia palepale. Tunasema waziwazi kwamba mtu asiyejua kuogelea hapaswi kuingia katika maji hayo, awe na jaketi au asiwe nalo, na mwongozaji anayemhimiza aruke afutiwe leseni. Pomboo wanaonekana vizuri kutoka ndani ya boti.

Sasa tugeukie wenye meli, kwa sababu wao ndio wenye fedha nyingi na sauti kubwa katika mnyororo huu. Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia ilipasuka kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakapoteza maisha. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku ileile na hawakuwa wamepewa zoezi la dharura. Sheria za kimataifa zikabadilishwa. Tangu 2015, abiria wapya hupewa zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka: wanaonyeshwa jaketi linavyovaliwa, wanaonyeshwa mahali pa kukusanyika, na majina yao yanahakikiwa. Huo ni utaratibu mzuri, na ulinunuliwa kwa roho za watu.

Lakini abiria huyohuyo, siku ya tatu ya safari, hushuka gati na kupanda boti ya faiba yenye mashine moja, na ulinzi wote ule hubaki nyuma yake. Hakuna zoezi, na wakati mwingine hakuna hata orodha ya majina. Ukisoma maandishi madogo ya tiketi yake utakuta mwenye meli amejitoa: mwenye boti ni mkandarasi huru, na lolote litakalotokea ni kati yake na abiria. Inawezekana mahakama ikayakubali maandishi hayo. Sisi hatuyakubali kuwa kipimo cha wajibu. Kampuni iliyoyapanga matembezi katika orodha yake, ikayapa picha nzuri, ikapokea malipo na kuchukua sehemu yake, imempa abiria sababu ya kuamini kwamba imeyakagua. Anayevuna kutokana na imani ya watu analazimika kuilinda imani hiyo.

Dunia imekwisha kupata somo chungu kuhusu matembezi ya nchi kavu na taarifa zisizofika kwa abiria. Desemba 9, 2019, volkano ya kisiwa cha Whakaari, New Zealand, ililipuka watu 47 wakiwa kisiwani. Wengi wao walikuwa abiria wa meli ya Ovation of the Seas waliokwenda matembezi ya siku moja. Watu 22 walikufa. Wiki 3 kabla ya hapo, wataalamu wa volkano walikuwa wamepandisha kiwango cha tahadhari. Swali lililowasumbua manusura na familia, na kufika mahakamani, lilikuwa la wazi kabisa: kwa nini tahadhari iliyojulikana na wataalamu haikumfikia kikamilifu mtu aliyenunua tiketi? Volkano na kupwa kwa maji havifanani kwa ukubwa. Wajibu, hata hivyo, ni uleule. Anayejua hatari amwambie anayekwenda kukutana nayo, na amwambie kabla hajalipa, wakati bado ana nafasi ya kukataa bila aibu na bila hasara.

Tunataka pia haraka itazamwe kama hatari. Meli husubiri matembezi iliyoyauza yenyewe. Aliyejipangia safari kwa wakala wa mjini akichelewa huachwa. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliondoka São Tomé na kuwaacha abiria 8 waliochelewa kurudi kutoka katika ziara waliyojitafutia wenyewe. Hofu ya kuachwa humfanya abiria anyamaze hata anapoona jambo haliko sawa. Humfanya nahodha ajaze boti kupita kiasi ili asirudi mara mbili, na mwongozaji aruke maelezo ya usalama ili aokoe dakika 10. Asiyejua kuogelea ndiye anayelipia dakika hizo. Matembezi yenye maji yapangwe yaishe mapema kabla ya meli kuondoka, na wakala asiyeweza kulipanga hilo auze matembezi ya mjini.

Hatuandiki haya kama watu wasioujua msiba wa majini. Tumezika. Kivuko cha Mtongwe, Aprili 1994. MV Bukoba, Mei 1996. MV Spice Islander, Septemba 2011, ikielekea Pemba. MV Skagit, Julai 2012, karibu na Chumbe. MV Nyerere, Septemba 2018, ikikaribia Ukara: kivuko kilichopewa uwezo wa kubeba watu 101 kilizama na watu 228 wakafa. Kila mara palifuata maombolezo na ahadi, na mara nyingi tume. Vyombo hivyo havikuwa vya watalii, na abiria wake walikuwa wananchi waliokuwa wakienda sokoni, harusini na makwao. Lakini makosa yaliyowaua yanaonekana hadi leo katika boti ndogo za kitalii: kujaza kupita kiasi, orodha isiyoandikwa, jaketi lisilovaliwa, na mtu mwenye mamlaka aliyetazama pembeni.

Kwa hiyo tunatoa madai manne.

Kwanza, kila matembezi yaliyo katika orodha ya meli au ya wakala yapangwe katika madaraja matatu yanayoeleweka. La kwanza ni la nchi kavu, ambako mguu haugusi maji: Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani na kima punju wake, Ngome ya Yesu na Mji wa Kale wa Mombasa, Tsavo Mashariki. La pili ni la kupanda chombo bila kuingia majini: jahazi la machweo au boti ya kioo. La tatu ni la kuingia majini: mafungu, matumbawe, pomboo. Daraja litajwe kabla ya bei. Na pale ambapo meli haifungi gati, abiria wakishushwa kwa boti ndogo, hilo nalo liandikwe, kwa sababu hatua kutoka ngazi ya meli hadi ndani ya boti inayopanda na kushuka kwa wimbi ni ngumu kwa mzee na humtisha asiyeogelea hata akiwa anakwenda kuona majengo tu.

Pili, matembezi ya daraja la pili na la tatu yasiuzwe bila swali. Mteja aulizwe kwa heshima, faraghani ikibidi: "Samahani mama, unaogelea? Ukiwa majini miguu haifiki chini, utaweza kutulia?" Swali hilo la pili ni muhimu kuliko la kwanza, kwani wengi hujibu ndiyo kwa la kwanza kwa sababu waliwahi kucheza kwenye bwawa la hoteli. Jibu liandikwe kwenye orodha ya boti na nahodha aione. Asiyeogelea apewe jaketi la nguvu inayofaa, akae karibu na baharia aliyetajwa kwa jina, na akibadili nia akiwa gatini arudishiwe pesa yake.

Tatu, mamlaka zifanye kazi zilizoundiwa. Mamlaka ya Bahari (KMA) nchini Kenya, Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) kwa upande wa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar pamoja na Kamisheni ya Utalii zina uwezo wa kukagua vyombo, kutoa leseni na kuzifuta. Siku ya meli kubwa hujulikana miezi kadhaa kabla, kwa kuwa ratiba za bandari hupangwa mapema. Hakuna kisingizio cha mkaguzi kutokuwepo ufukweni asubuhi hiyo. Awepo Forodhani, awepo Shimoni wageni wanapopanda kwenda Kisite, ahesabu majaketi na vichwa, na boti iliyozidisha ibaki palepale hata kama mwenyewe ni jamaa wa mkubwa.

Nne, mabaharia na waongozaji wafundishwe kuokoa, na wapimwe kila mwaka. Ni siri iliyo wazi kwamba miongoni mwa wanaofanya kazi kwenye boti zetu wapo wasioogelea vizuri wao wenyewe, na wengi hawajafundishwa kumpulizia pumzi mtu aliyetolewa majini. Hili si la kuwafukuza watu kazi. Ni la kuwafundisha kwa gharama ya wanaofaidika na kazi yao. Ada ndogo kwa kila abiria anayeshuka ingetosha kuendesha mafunzo hayo msimu mzima.

Tunajua hoja zitakazoletwa. Watasema maswali mengi yatamtisha mgeni, akabaki melini, na vijana wetu wakakosa riziki. Tunaiheshimu riziki hiyo. Tunajua nahodha analipa mafuta, anamlipa mwenye boti, anampa papasi fungu lake, na kinachobaki ni kidogo. Lakini mgeni aliyeelezwa ukweli hukosa matembezi ya aina moja na kuchukua ya aina nyingine. Shamba la viungo nalo lina vijana wanaoishi kwalo, vivyo hivyo msitu wa Jozani na vichochoro vya Mji Mkongwe. Kifo kimoja chini ya jaketi bovu hufunga ufukwe mzima, na meli inayofuata hupita mbali. Tena hata kama biashara isingepata hasara yoyote, mtu angekuwa amekufa, na hilo linatosha.

Wapo pia watakaosema abiria ni mtu mzima, ajitunze. Ni kweli ana wajibu wake, nasi tunamkumbusha. Asiyejua kuogelea aseme hivyo kwa sauti, bila haya, kwa kila anayemuuzia. Asikubali kuvutwa na wenzake wala kuona aibu mbele ya watoto wake. Aulize maji yanajaa saa ngapi. Alivae jaketi kabla boti haijaondoka na asilivue mpaka arudi nchi kavu. Akipewa barakoa na mrija kwa mara ya kwanza, ajaribu kwanza mahali anaposimama, mtu akiwa kando yake, na akihisi pumzi inabana aivue mara moja na asimame. Na akiambiwa "maji si marefu" na mtu asiyetaka kueleza zaidi, abaki ufukweni. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Wazee hawakuyasema hayo kwa kutisha watoto. Hata hivyo, wajibu wa abiria hauufuti wa muuzaji. Abiria hawezi kuuliza juu ya bamvua ambayo hajawahi kuisikia.

Kuna aibu moja ya nyumbani ambayo haina budi kutajwa. Tunaishi kando ya bahari, na watoto wetu wengi hawafundishwi kuogelea, hasa wasichana. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kujisitiri mwili mzima, na kuwafundisha wengine baada yao. Wameonyesha kwamba stara na usalama vinakwenda pamoja. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Wizara za elimu za pande zote za pwani hii ziliingize somo hilo katika shule za mwambao na za kando ya maziwa. Nahodha wa mwaka 2045 yuko darasa la kwanza leo.

Mengi ya tuliyoyadai hapa yanaweza kuanza katika msimu mmoja wa meli: daraja kwenye orodha, swali kabla ya pesa, jaketi lililokaguliwa, mkaguzi ufukweni. Wenye meli, mawakala na mamlaka wasingoje maiti ndipo waunde tume. Na wewe unayeuza matembezi ya kesho asubuhi, muulize mteja wako kama anaogelea. Akisema hapana, mpeleke mahali ambapo jibu hilo halitamuua.